Kabla ya Kuuliza Inchi

Anayekwenda Kariakoo kununua TV hana haja ya kutafuta duka. Winga, yule dalali wa mtaani, atamfuata yeye, tena mapema, kabla hata hajamaliza kuvuka Msimbazi, na swali la kwanza huwa moja siku zote: "Unataka inchi ngapi, bosi?" Swali linasikika la kawaida, ila ndilo linalomwingiza mteja mkenge. Tangu hapo mazungumzo yote yatakuwa ya ukubwa na bei, na cha juu cha winga kimeshawekwa ndani ya hesabu. Hakuna atakayemuuliza anatazama nini, kwa king'amuzi gani, sebule yake ina nafasi kiasi gani, wala umeme wa mtaani kwake una tabia gani.

Msimu wa maswali hayo ndio unakolea. CHAN ya Agosti 2025 ilichezwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala, na AFCON ya 2027 ilitolewa kwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja tangu Septemba 2023. Watu waliochoka kubanana kwenye kibanda umiza wanadunduliza ili mpira wautazame nyumbani. Wengi hawana milioni ya kuchezea. Wana laki nne, tano, sita, zilizopatikana kwenye mchezo wa upatu au kwenye mauzo ya mwisho wa mwaka, na pesa hiyo ikikosea njia hairudi.

Pa kuanzia ni kwenye kile kitakachoingia ndani ya TV. Nyumba nyingi za Dar hutazama Ligi Kuu Bara kupitia Azam, tamthilia kupitia StarTimes au king'amuzi kingine, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye chaneli za nyumbani. Picha hizo huja kwa viwango viwili: SD, yenye mistari 576, na HD, yenye mistari 720 au 1080. Kioo cha 4K kina mistari 2160. Kikipewa picha ya SD, TV inalazimika kubuni yenyewe karibu robo tatu ya mistari yote unayoiona. TV ya bei kubwa hubuni kwa ustadi. Ya bei poa huboronga: nyuso za watangazaji huonekana kama zimepakwa nta, na mpira uliopigwa mbali huacha mkia nyuma yake. Mteja hudhani antena ina matatizo, akampigia fundi wa dishi.

Matangazo ya antena hapa kwetu hayajafika 4K. Picha ya 4K itatoka kwenye intaneti, na intaneti ina bei yake. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya HD hula hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili kwa 4K, basi, ni GB 14. Mwenye faiba ya malipo ya mwezi isiyo na kikomo hasumbuki. Anayewasha hotspoti ya simu ataona meseji ya "umetumia asilimia 100 ya bando lako" kabla jambazi wa filamu hajakamatwa.

Hivyo mtu ambaye TV yake itaishi na king'amuzi na bando la simu hana sababu ya kuongeza hata elfu hamsini kwa ajili ya neno 4K. Kuanzia inchi 50 kwenda juu neno hilo halina maana ya kubishania, kwa kuwa karibu vioo vyote vya ukubwa huo ni 4K. Vita iko kwenye inchi 43, ambako Full HD na 4K hukaa rafu moja na tofauti ya bei humfanya mteja ajione mjinga akichukua ya chini. Asijione hivyo. Tofauti hiyo inatosha kununua vitu viwili vitatu anavyovihitaji zaidi, na vitatajwa hapa chini.

Nairobi hesabu ina kipengele kingine. Tangu analogia izimwe mwaka 2015, chaneli kubwa za bure za Kenya hurushwa kidijitali bila kufungwa, na TV yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake huzinasa kwa antena tu, bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi. Kwa familia isiyotaka bili, herufi na tarakimu hizo ndogo zina thamani kuliko maandishi yote makubwa yaliyo kwenye boksi. Kenya ilianza na DVB-T mwezi Desemba 2009 kabla ya kuhamia T2, na ving'amuzi vya mwanzo havikuweza kunasa mawimbi mapya. TV ya mtumba ya zamani kutoka Ulaya inaweza kuwa na DVB-T peke yake. Iliyotoka Marekani haina hata hiyo, maana wenzetu kule wana mfumo wao. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue TV za namna hiyo zipo, na muuzaji hatakwambia mpaka umuulize. Kwa upande wa Tanzania, jambo la busara ni kubisha hodi kwa jirani mwenye antena na kuona kwa macho kinachokamata mtaani, kwa kuwa Kimara na Kigamboni hazinasi sawa.

Baada ya hapo ndipo zije inchi.

Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. TV ya 32 ina upana wa kioo wa sentimita 71 hivi, ya 43 sentimita 95, na ya 55 sentimita 122. Anayetoka 32 kwenda 43 hudhani ameongeza theluthi, kumbe eneo la picha limekua kwa asilimia 80. Ndiyo maana TV iliyoonekana ndogo dukani, ikiwa imezungukwa na za inchi 75, huziba ukuta mzima ikifika nyumbani. Pima meza pia. TV nyingi za sasa zina miguu miwili iliyo mwisho kabisa wa kila upande, na meza iliyobeba TV ya chogo kwa miaka kumi na tano inaweza kukosa sentimita kumi za kuikanyagisha mpya.

Kuhusu umbali, jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya sehemu ya 60 ya digrii. Hesabu hiyo ikifanywa kwa inchi 43 ya Full HD, nukta zake huanza kupotea machoni kwenye mita 1.7. Kwa inchi 32 ya HD ya kawaida, yenye nukta 1366 kwa 768, hupotea kwenye mita 1.8. Sasa pima chumba na sebule cha Mbagala au cha Kawangware: kutoka kochi hadi ukutani ni mita mbili, mbili na nusu ukijitahidi. Aliyekaa hapo hawezi kutofautisha Full HD na 4K kwenye inchi 43, hata akiapa.

Anachoweza kukiona kutoka kochini ni mambo ambayo winga hayataji. La kwanza ni weusi: je, usiku wa filamu ni mweusi au ni kijivu? La pili ni mwanga wa kutosha mchana, pazia likiwa wazi. La tatu, ambalo sebule za huku zinalihitaji kuliko za huko TV zinakoundwa, ni picha isiyopauka kwa anayetazama kutoka ubavuni. Watu hapa hawakai kwa mstari kama sinema. Baba yuko kwenye kochi la katikati, watoto wako mkekani, na mgeni amepewa kiti cha pembeni karibu na mlango, anatazama mpira kwa kukunja shingo.

Vioo vya LCD viko makundi mawili makubwa, VA na IPS. VA hutoa weusi mzito, na tofauti yake kati ya mwanga na giza ni mara tatu ya IPS au zaidi, lakini ukikaa ubavuni rangi zinafifia. IPS hustahimili pembeni, ila taa ya sebule ikizimwa giza lake huonekana kama moshi. Boksi haliandiki ni ipi. Njia ya kujua ni kusimama kando ya TV iliyowashwa dukani, kwenye pembe ile ile ya kiti cha mgeni, na kuangalia kama uso wa mtangazaji umebadilika rangi. Inachukua nusu dakika na haihitaji ruhusa ya mtu.

Kisha kuna suala la jina. Wapo wanaoamini kuna TV "orijino" za Japani na Korea, halafu kuna za Kichina. Hali halisi ya viwanda imeshalivuruga wazo hilo. Samsung iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022. Kiwanda cha Sharp cha Sakai, Japani, kilisimamisha vioo vya TV mwaka 2024. LG iliiuzia TCL kiwanda chake cha Guangzhou, na mauzo yakakamilika Aprili 2025. Vioo vya LCD vya dunia leo hutoka zaidi kwenye mikono ya kampuni za Kichina kama BOE, CSOT ya TCL na HKC, na kioo cha kiwanda kimoja huweza kuvaa majina matatu tofauti kwenye rafu moja. Toshiba unayoiona dukani iko chini ya Hisense, iliyonunua asilimia 95 ya kitengo hicho cha TV mwaka 2018.

Maana yake si kwamba majina yote ni sawa. Unacholipia kwenye jina kubwa ni bodi inayochakata picha, pawa saplai isiyokufa kwa kila tikisiko la umeme, programu inayosasishwa, na kampuni yenye anwani. Jina la kuogopa ni lile lisilo na mwenyewe. Kuna majina Kariakoo yanayozaliwa na kontena moja na kufa na kontena hilo hilo, miezi minane baadaye ukitafuta rimoti yake unaambiwa "hiyo haiji tena." Jina dogo ambalo limekuwepo sokoni miaka mitano, lenye wakala na mafundi wanaolijua, ni afadhali kuliko jina lenye sauti ya Kizungu ambalo hakuna aliyelisikia mwaka jana.

Ushauri wa kweli kuhusu hilo uko kwa fundi wa mtaa. Yeye huziona TV zikiwa zimefunguliwa migongo, na mtu mwenye akili humpitia kabla ya kwenda mjini. Muulize zipi zinarudi kwake mara kwa mara na spea zipi hazipatikani. Atakueleza kwamba ugonjwa mkubwa wa TV za siku hizi ni taa za nyuma ya kioo. Zimepangwa kwenye vijiti na kuungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikifa giza linatanda huku sauti ikiendelea kama kawaida. Fundi huthibitisha kwa tochi ya simu. Huiwasha TV, akaibana tochi karibu na kioo kwa kuilaza kidogo, na ndani ya ule weusi picha hafifu huonekana ikicheza: mtangazaji yupo, midomo inatembea, ila hana mwanga. Hapo kioo ni kizima na dawa ni vijiti vipya, ambavyo ni rahisi kama TV yako ni ya jina linalojulikana. Kioo kikipasuka ni habari nyingine. Gharama yake inakaribia bei ya TV mpya, na mafundi wengi hawajisumbui hata kukutajia.

Hofu hiyo ya kupasuka ndiyo iliyoleta dabo glasi, ile TV yenye kioo kigumu cha ziada mbele ya kioo chenyewe. Winga ataigonga kwa ngumi mbele yako na kusema mtoto hata akirusha rimoti haipasuki. Kwa nyumba yenye watoto watatu na mpira wa makaratasi, hoja ina uzito. Lakini kioo hicho cha ziada huongeza kilo na kung'aa, na sebule yenye dirisha mbele ya TV itaonyesha dirisha, pazia na mpita njia wa nje kuliko itakavyoonyesha mpira. Tena dabo glasi haisemi lolote kuhusu ubora wa kioo kilichofichwa nyuma yake. Mara nyingi ni njia nzuri ya kuuza kioo dhaifu.

Sasa neno "smart." Hapa ndipo pesa ndogo inapopotea zaidi.

TV nyingi za bei ya chini zimeandikwa Android, na mnunuzi hudhani ni ile Android TV au Google TV iliyoidhinishwa na Google kwa ajili ya TV. Nyingi si hiyo. Ni Android huria ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua na kuipaka sura ya TV. Ina RAM ya GB 1, hifadhi ya GB 8, na baada ya kujazwa programu nne huanza kuganda. Netflix, ambayo hutoa idhini kwa kila aina ya kifaa, ama haifunguki ama inafunguka kwa picha ya chini. Ukitaka kujua ukiwa dukani, bonyeza duka la programu uone kama ni Play Store iliyotengenezwa kwa rimoti, au ni ya simu iliyonyooshwa mpaka inahitaji kipanya.

Hata zile zenye idhini huzeeka haraka kuliko kioo. Aprili 2015 programu ya YouTube ilikoma kwenye TV nyingi za mwaka 2012 na za kabla yake. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, TV ambazo picha yake bado ilikuwa nzuri. Wazazi waliokulia kwenye TV ya chogo hawalielewi jambo hili kwa urahisi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na bara ilisubiri hadi 1994. Chogo lililonunuliwa wakati huo lilitazamwa mpaka analogia ikazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na hata baada ya hapo liliongezewa king'amuzi likaendelea kwa nyaya zake tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hununua TV akidhani amemaliza. TV ya smart ya leo inaweza kuwa bubu kwenye intaneti ndani ya miaka michache.

Kwa hiyo, kwenye bajeti ndogo, usmart uwe kitu cha mwisho kulipiwa. TV ya kawaida yenye kioo kizuri na matundu mawili ya HDMI inaweza kufanywa smart baadaye kwa kijiti au kiboksi cha kuchomeka, na siku kijiti kikizeeka hubadilishwa chenyewe. Tundu moja la HDMI halitoshi, kwa kuwa king'amuzi kinalichukua siku ya kwanza. Kama king'amuzi chako ni cha zamani chenye nyaya za rangi tatu, hakikisha TV ina mahali pa kuzichomeka. Nyingine hazina siku hizi.

Maandishi mengine ya boksi yanaweza kupuuzwa bila dhambi. HDR kwenye TV ya laki tano humaanisha inaipokea picha hiyo, basi. Kuionyesha inavyotakiwa kunahitaji mwanga ambao taa zake hazina. "Motion 120" na jamaa zake mara nyingi ni kioo cha hezi 60 chenye jina la kutembelea, na mpira wetu unarushwa kwa mfumo wa hezi 50, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Sauti ndiyo mahali pa kuongeza pesa. TV zimekuwa nyembamba na spika zimegeuzwa kutazama meza. Wengi tayari wana sabufa ndani; kinachotakiwa ni kuangalia kama TV ina tundu la kutolea sauti linaloendana nayo, liwe la hedifoni, la waya mwekundu na mweupe, au HDMI yenye ARC. Utangazaji wa mpira kwa Kiswahili bila besi kidogo ni kama kusomewa matokeo.

Umeme nao una lake la kusema, na mita ya LUKU haifichi. TV ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50. Ya inchi 55 hufika 100 bila shida. Ikiwaka saa sita kwa siku, ya wati 50 hutumia uniti 9 kwa mwezi na ya wati 100 hutumia 18. Kwa mwenye kipato kikubwa uniti 9 ni vumbi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, inayomtaka asivuke uniti 75 kwa mwezi, uniti 9 zikijumlishwa na friji na pasi zinaweza kumtoa kwenye kundi hilo. Inchi za ziada zinaweza kumbadilishia bei ya umeme wa nyumba nzima. Kule kusiko na gridi, wati huulizwa kabla ya inchi: TV za volti 12 zinazouzwa na kampuni za sola kama d.light, kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, hazina mvuto wa rafu za Kariakoo, lakini betri inazimudu mpaka mechi iishe.

Kisha kuna ule umeme unaokatika na kurudi kwa hasira. Kifaa cha kulinda TV, kile wauzaji wanachokiita gadi, hukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri utulie kabla ya kuurudisha. Ni kimojawapo cha vitu ambavyo tofauti ya bei ya 4K ingevilipia. Cha pili ni breketi madhubuti ya ukutani, iliyopimwa kwa matundu ya mgongoni mwa TV. Na radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa antena au dishi pia. Wengi hukumbuka plagi ya ukutani tu, wakauacha mlango mwingine wazi.

Ukichukua yote hayo, mwenye laki sita asiende kununua TV ya laki sita. Anunue ya laki nne na nusu, na iliyobaki iwe gadi, breketi, antena au waya mzuri, na usafiri. Kwa laki nne na nusu mara nyingi atajikuta kati ya inchi 32 ya kampuni inayojulikana na 43 ya jina ambalo halina historia. Achukue 32. Ndugu watamcheka wiki ya kwanza. Kukopa ili kuziba pengo hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya inchi 11 humaliza kazi yake muda mrefu baada ya AFCON kusahaulika.

Siku ya kununua, nenda na flashi. Iwe na vitu vitatu: kipande cha mpira kilichorekodiwa, picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu. Nyeupe itaonyesha mabaka na nukta zilizokufa. Nyeusi, muuzaji akikubali kuzima taa ya karibu, itaonyesha mwanga unaovuja kwenye kona. Mpira utaonyesha kama nyasi zinabaki nyasi kamera inapokimbia kutoka goli hadi goli. Video ya dukani usiitazame kabisa, maana hata TV mbovu hupendeza ikionyeshwa kasuku na matunda. Ukiridhika, TV utakayobeba iwe hiyo uliyoijaribu au ifunguliwe nyingine na kuwashwa mbele yako. Na risiti iwe ya EFD, yenye jina la duka na aina kamili ya TV. Waranti iliyoandikwa nyuma ya kadi ya biashara haitakusaidia mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji.

Hata hivyo, si haki mnunuzi wa laki nne aachiwe kazi yote ya upelelezi. Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, unalazimisha TV ziuzwe na lebo inayotaja daraja la umeme kutoka A hadi G, matumizi kwa saa 1,000, na idadi halisi ya nukta za kioo. Kanuni zake zinamtaka pia mtengenezaji awe na vipuri kwa miaka 7 na masasisho ya programu kwa miaka 8 tangu TV ya mwisho ya aina hiyo iingie sokoni. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, hayana haja ya kubuni kitu kipya hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina viwango vya pamoja kwa bidhaa nyingi, na kuongeza mistari minne kwenye boksi la TV, yaani nukta halisi, wati, aina ya mfumo na miaka ya vipuri, hakutaongeza bei kwa kiasi cha kuonekana. Kutapunguza kontena za majina yanayokufa, na wenye kontena hizo ndio pekee watakaolalamika.

TV ikishalipiwa, isafiri imesimama. Kioo kikilazwa hubeba uzito wake chenyewe, na shimo moja la barabara ya Tandika linatosha kuchora mistari ambayo waranti yoyote itaikana. Bajaji ni salama kuliko bodaboda, ingawa dereva wa bodaboda atakuhakikishia kwamba amebeba za inchi 65.

Ikifika nyumbani, fungua mipangilio ya picha. Viwanda huziacha TV kwenye hali ya dukani, ile inayoandikwa Vivid au Dynamic, taa za nyuma zikiwaka kwa nguvu zote na rangi ikiwa imevutwa kuelekea bluu ili ishindane na jirani zake rafuni. Iweke kwenye Standard au Movie na ushushe taa za nyuma mpaka theluthi mbili. Ulaji wa umeme utapungua, na zile taa ambazo fundi alikueleza habari zake zitaishi muda mrefu zaidi kwa kuwa joto ndilo linaloziua. Watoto watalalamika siku mbili tatu kwamba picha imekuwa ya njano. Wakishazoea, rudisha Vivid kwa dakika moja uwaulize majani ya uwanja wa Benjamin Mkapa yana rangi gani.